Daftari, WhatsApp, fomu ya mtandaoni au mfumo wa kukodi: uchukue vipi taarifa za watu Bagamoyo?

Fungua daftari la wageni kwenye nyumba ya kulala wageni mjini Bagamoyo na mara nyingi utakutana na safu zilezile: jina, umri, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, simu, saini. Ukiuliza kabila linahitajika kwa kazi gani, utaambiwa daftari lililokwisha nalo lilikuwa na safu hiyo. Tangu tarehe 1 Mei 2023 jibu hilo halitoshi. Siku hiyo ilianza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, na ndani yake asili ya mtu kikabila imewekwa kwenye fungu la taarifa nyeti, pamoja na afya, imani ya dini, alama za vidole, taarifa za watoto na miamala ya fedha ya mtu.

Ulinganisho huu ni wa wenye nyumba za wageni, zahanati binafsi, vikundi vya kuweka na kukopa, shule za awali na waongoza watalii ambao wamebaki njia panda. Wabaki na daftari? Wahamie WhatsApp, ambako wateja wako tayari? Watengeneze fomu ya mtandaoni isiyo na malipo? Au walipie mfumo wa kampuni?

Kwanza tuliweke wazi hili: hakuna njia kati ya hizo nne inayokuondolea wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria inazungumzia taarifa zilizorekodiwa kwa namna yoyote, kwa hiyo kauntabuku la mapokezi na kompyuta ya hospitali ya rufaa vimo chini ya kanuni zilezile. Cheti cha usajili hudumu miaka 5. Kilichoachwa nje ni mambo ya mtu mwenyewe na nyumba yake. Namba ya shemeji kwenye simu yako haiihusu Tume. Namba 200 za wateja kwenye simu hiyohiyo zinaihusu.

Vigezo tutakavyotumia

Kila njia tumeipima kwa maswali matano, yote yanatoka kwenye matakwa ya sheria.

La kwanza ni maelezo na ridhaa. Kabla hujachukua taarifa, mhusika anatakiwa ajue unaichukua kwa kazi gani na nani wataipata, na uichukue kwake mwenyewe, si kwa jirani yake. Ikiwa ni taarifa nyeti, unahitaji ridhaa yake ya maandishi, na anaweza kuiondoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila kulipa chochote.

La pili ni nani anaona. Hili ndilo linalowaponza wengi, kwa kuwa taarifa huvuja kupitia macho na simu za watu wa ndani mara nyingi kuliko kupitia wadukuzi. Adhabu yake si ndogo. Mtu binafsi anayefichua taarifa kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5.

La tatu ni kusahihisha na kufuta, maana mhusika ana haki ya kuona ulichoandika juu yake na kutaka kirekebishwe au kiondolewe. La nne ni mpaka wa nchi: kupeleka taarifa nje ya Tanzania kuna masharti yake, na kanuni za mwaka 2023 zinataka kibali cha Tume. La tano ni muda wa kutunza na namna ya kuharibu, kwa sababu taarifa haitakiwi kukaa zaidi ya muda wa kazi iliyochukuliwa kuifanya.

Gharama tumeigusa pale tu inapobadilisha uamuzi.

Punguza maswali kabla ya kuchagua chombo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo pesa kidogo hutumika. Chukua fomu au daftari unalotumia sasa. Mbele ya kila safu andika kazi yake kwa sentensi moja: "Simu: tumpigie akisahau mzigo." Safu isiyopata sentensi, futa. Kabila litaondoka. Dini itaondoka, isipokuwa kama unaihitaji kwa jambo mahususi, kwa mfano chakula cha watoto shuleni, na hata hapo swali sahihi ni "Kuna chakula asichokula?"

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inahitaji uangalifu wa pekee. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mtu. Ukiichukua, umeshachukua umri, hivyo safu ya umri ni ya kurudia tu. Kibaya zaidi, namba hiyo ndiyo inayotumika kusajili laini za simu, kwa hiyo ikianguka kwenye mikono mibaya mwenye nayo yumo hatarini. Kama kazi yako ni kuhakikisha kuwa mgeni ndiye huyo anayesema, mara nyingi inatosha kutazama kitambulisho na kuandika aina yake na tarakimu 4 za mwisho. Ikiwa mamlaka iliyokupa leseni imekuagiza kuandika namba nzima au kipengele kingine, kiandike, na agizo lenyewe ulitunze kwenye faili. Hilo ndilo jibu lako siku mgeni akihoji.

Ukishapunguza, andika kadi ya maelezo. Haihitaji wakili. Maneno kama haya yanatosha nyumba ya wageni:

"Tunachukua jina, simu na kitambulisho chako ili tukupokee, tukutafute ukisahau kitu, na tutimize masharti ya leseni. Wanaoziona ni mhudumu wa mapokezi na meneja. Tunazitunza miezi 12, kisha tunaziharibu. Ukitaka kuziona, kuzisahihisha au kuzifuta, mwambie meneja kwa namba hii."

Miezi 12 ni mfano, weka muda unaoweza kuutetea. Kumbukumbu za kodi zina muda wake wa miaka 5, lakini risiti haihitaji picha ya kitambulisho cha mgeni, basi usizitunze pamoja. Kwa Bagamoyo, kadi iwe na Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mgeni wa magofu ya Kaole au Mji Mkongwe asiyesoma Kiswahili hajapewa maelezo kwa kuonyeshwa kadi ya Kiswahili.

Njia ya kwanza: daftari na fomu za karatasi

Maelezo na ridhaa. Karatasi ina nguvu moja ambayo njia nyingine hazina: mtu anasoma, anauliza, anasaini mbele yako. Asiyejua kusoma husomewa, akaweka dole gumba, na shahidi akaandika jina lake pembeni. Tatizo ni foleni. Siku za tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha mjini hapa, mapokezi yanajaa, mhudumu anasukuma daftari kwa mgeni na kumwambia "andika hapa tu," na kadi ya maelezo imebaki kwenye droo. Dawa ni kuifunika kadi kwa plastiki na kuigandisha juu ya meza palepale daftari linapokaa, mgeni akiinama kuandika aione.

Nani anaona. Hapa daftari la mistari linaanguka vibaya. Anayejaza mstari wa 15 anasoma mistari 14 iliyo juu yake: nani amelala chumba gani, anatoka wapi, simu yake ipi. Suluhisho la haraka ni kadibodi ngumu yenye ukubwa wa ukurasa, ikatwe dirisha la mstari mmoja tu. Suluhisho bora ni fomu moja kwa mtu mmoja. Ukiigawa karatasi ya A4 nusu kwa nusu, rimu moja ya karatasi 500 inakupa fomu 1,000. Iliyojazwa inaingia papo hapo kwenye boksi lenye kufuli, na funguo ziwe mbili tu, ya meneja na ya akiba.

Zahanati zina kasoro nyingine inayofanana na hii: mafaili yaliyopangwa dirishani majina yakitazama nje, na mhudumu anayeita "mwenye kipimo cha fulani" kwa sauti ukumbi mzima ukisikia. Kuita kwa namba kunaondoa tatizo bila gharama yoyote.

Kusahihisha na kufuta. Kosa kwenye karatasi hukatwa kwa mstari mmoja, likaandikwa sahihi juu yake, tarehe na saini. Kufuta ndiko kugumu. Mtu mmoja akitaka atolewe kwenye daftari lililoshonwa, huwezi kuchana ukurasa, maana unaharibu taarifa za wengine 29. Unabaki na kuziba mstari wake kwa kalamu nene ya wino mweusi, mbele na nyuma ya karatasi, kwa sababu bolpeni huacha alama inayosomeka ukiinua kwenye mwanga. Fomu moja moja hazina shida hii: unatoa karatasi yake, basi.

Mpaka wa nchi. Karatasi haivuki bahari. Inavuka pale mtu anapoipiga picha na kumtumia mwenye nyumba aliye nje, na hapo umeshahama kutoka njia hii kwenda ya pili.

Kutunza na kuharibu. Hewa ya bahari inalowesha karatasi na mchwa hawana subira. Tumia bolpeni badala ya wino wa maji, weka kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na liinue kutoka sakafuni. Juu ya jalada andika tarehe tatu: limefunguliwa, limefungwa, liharibiwe. Ile ya tatu ndiyo husahaulika. Matokeo yake madaftari ya zamani yanauzwa kwa kilo na kurudi mtaani yakifungia karanga na vitumbua, jina na simu ya mgeni vikisomeka chini ya mafuta. Yachome hadi yawe majivu. Ukiwasha kitabu kizima, kingo tu huungua na kurasa za katikati hubaki, kwa hiyo chana kwanza.

Anayefaa. Nyumba ya vyumba vichache, kikundi cha watu 30, shule ndogo, na mahali popote umeme au mtandao unapokatika mara kwa mara. Haimfai mwenye matawi mawili anayehitaji taarifa pande zote.

Njia ya pili: WhatsApp

Maelezo na ridhaa. Toleo la biashara lina ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe mteja anapoandika mara ya kwanza, au anaporudi baada ya siku 14 za kimya. Humo ndimo mahali pa maelezo yako mafupi. Ridhaa inaweza kutolewa kwa maandishi: mteja akijibu "Nakubali mtunze taarifa zangu za vipimo," ni maandishi yenye tarehe, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki. Lakini ujumbe huo uhamishe mahali pa kudumu, kwa sababu simu ikiharibika umebaki na taarifa bila ushahidi wa ridhaa. Emoji ya dole gumba haitoshi. Mtu anaweza kuwa amekubali saa ya miadi tu.

Nani anaona. Kwenye kundi la kawaida kila mwanachama anaona namba za wenzake wote. Kumwingiza mteja kwenye kundi bila kumuuliza ni kumfichua kwa watu asiowajua. Orodha ya matangazo ni salama zaidi: kila mtu anapokea ujumbe peke yake, hadi watu 256, ila ni lazima awe amehifadhi namba yako la sivyo hautamfikia.

Vikundi vya kukopeshana vizingatie hili kwa uzito. Miamala ya fedha ya mtu ni taarifa nyeti. Kurusha kwenye kundi orodha ya wanaodaiwa, na kiasi, na wiki walizochelewa, ni ufichuzi, hata kama nia ni kuwatia watu moyo wa kulipa. Katiba ya kikundi inaweza kueleza nani anasomewa nini kikaoni, na mwanachama akasaini siku ya kujiunga. Kundi la WhatsApp si kikao: ndani yake kuna simu zinazoshikwa na watoto, wake, waume na wenzi wa vyumba.

Kuna matundu matatu mengine. Picha ya kitambulisho ikipokelewa hujihifadhi yenyewe kwenye ghala la picha la simu, na kutoka huko hupanda kwenye akaunti ya picha ya mhudumu. Zima kujihifadhi kwa picha. Nakala ya akiba ya mazungumzo inayopelekwa mtandaoni haifungwi kwa usimbaji, yaani kufichwa kwa msimbo ili wengine wasiisome, hadi uwashe mwenyewe. La tatu ni steshenari: mtu anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya duka ili achapishe tiketi, anaondoka bila kutoka kwenye akaunti, na mazungumzo yote yanabaki wazi mezani. Kila Ijumaa fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na ukate usivyovijua.

Kusahihisha na kufuta. Kufuta upande wako hakufuti upande wa pili, na kufuta kwa wote kuna muda wake wa mwisho. Ukiombwa ufute, kumbuka sehemu nne: mazungumzo, ghala la picha, nakala ya akiba, na orodha ya majina ya simu. Anayesema amefuta baada ya kugusa ya kwanza tu hajafuta.

Mpaka wa nchi. Mwenye huduma ni kampuni ya Marekani, na mitambo yake iko nje. Ujumbe wa "njoo saa nne" hauna uzito mkubwa. Majibu ya maabara au picha ya pasipoti yana uzito, na hapo suala la kibali linakuhusu.

Kutunza na kuharibu. Washa ujumbe unaojifuta kwa siku 90 kwenye mazungumzo na wateja. Zaidi ya yote, simu iwe ya ofisi, laini iwe ya ofisi. Mhudumu akiacha kazi na laini yake, ameondoka na wateja wako, na wewe ndiye uliyewakusanya, kwa hiyo wewe ndiye utakayejibu.

Anayefaa. Mwongoza watalii, mwenye dau la kukodisha, duka, yeyote anayehitaji jina na saa ya miadi tu. Kwa taarifa nyeti hatuipendekezi, na tunasema hivyo tukijua kwamba ndiyo inayotumika zaidi.

Njia ya tatu: fomu ya mtandaoni na jedwali lake

Maelezo na ridhaa. Hapa njia hii inazipita zote. Maelezo unayaweka juu ya swali la kwanza, hakuna mhudumu wa kuyaruka, na kisanduku cha ridhaa kinaweza kuwa cha lazima. Kisanduku kisiwe kimetikiwa tayari. Kama unaomba ridhaa mbili, mfano kutunza taarifa za afya na kutuma matangazo, viwe visanduku viwili. Kuvibana kwenye kimoja kunamnyima mtu uwezo wa kukubali hiki na kukataa kile.

Nani anaona. Makosa ni mawili na yote ni ya mpangilio. Kosa la kwanza: chaguo linaloruhusu wajazaji kuona muhtasari wa majibu limewashwa, hivyo kila anayejaza anasoma majibu ya wengine. Lizime, kisha jaribu kujaza fomu mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine kabla hujaisambaza. Kosa la pili: jedwali la majibu limefunguliwa kwa mtu yeyote mwenye kiungo. Limefunguliwa Jumatatu ili mhasibu aangalie, halikufungwa tena. Ruhusa itolewe kwa barua pepe ya mtu mmoja mmoja.

Akaunti yenyewe iwe ya taasisi, yenye uthibitishaji wa hatua mbili, na namba inayopokea msimbo iwe laini ya ofisi. Fomu zilizotengenezwa kwa akaunti binafsi ya kijana aliyekuwa akijitolea ni msiba unaosubiri siku: yeye akiondoka, taasisi haina funguo za nyumba yake.

Kusahihisha na kufuta. Kutafuta jina ni sekunde chache, kusahihisha vilevile. Kufuta kunahitaji kujua namna inavyofanya kazi. Kwenye Google Forms, ukifuta jibu ndani ya fomu, mstari wake kwenye jedwali lililounganishwa unabaki palepale; ukifuta mstari kwenye jedwali, jibu ndani ya fomu linabaki. Futa kote kuwili. Jedwali pia hutunza historia ya matoleo ya nyuma, na faili lililotupwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30. Na ukumbuke nakala zilizopakuliwa kwenye kompyuta za watu.

Mpaka wa nchi. Hapa ndipo udhaifu wake. Fomu za bure zinatunza majibu kwenye mitambo ya nje na huwezi kuchagua nchi. Kwa usajili wa warsha ya ngoma au ziara ya Mji Mkongwe, eleza wazi kwenye maelezo kwamba taarifa zinatunzwa nje, na uzungumze na Tume kuhusu kibali. Kwa fomu ya mgonjwa mpya wa zahanati, tungetafuta njia nyingine.

Kutunza na kuharibu. Weka kikumbusho kwenye kalenda siku ileile unapofungua fomu. Jedwali halichukui nafasi kabatini, na kwa sababu hiyo hakuna anayekumbuka kuliharibu.

Anayefaa. Anayesajili watu wengi kwa muda mfupi na kwa taarifa za kawaida. Haiwafai wazee na wengine wasio na simu janja, na kumjazia mtu fomu kwa simu yako bila kumsomea maelezo ni sawa na kutompa.

Njia ya nne: mfumo wa kukodi

Kampuni inakupa mfumo wa hoteli, zahanati au vikundi, unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Kisheria wewe unabaki mkusanyaji, yaani unayeamua taarifa zichukuliwe kwa kazi gani, na kampuni ni mchakataji, yaani anayezishughulikia kwa niaba yako. Lawama ya kwanza ni yako.

Maelezo na ridhaa. Mfumo mzuri una mahali pa kurekodi ridhaa, tarehe yake na tarehe iliyoondolewa. Omba kuonyeshwa sehemu hiyo kabla ya kulipa. Ikiwa haipo, utatunza ridhaa kwenye karatasi sambamba na mfumo.

Nani anaona. Hapa mfumo una ubora wake mkubwa: ngazi za ruhusa. Mhudumu wa mapokezi anaona jina na chumba, mhasibu anaona malipo, daktari anaona vipimo, na mfumo unaandika nani alifungua faili gani saa ngapi. Ubora huo wote unapotea siku wafanyakazi watano wanapotumia nywila moja iliyoandikwa kwenye karatasi iliyogandishwa chini ya skrini. Kila mtu na akaunti yake. Akiacha kazi, ifungwe siku hiyohiyo.

Kusahihisha na kufuta. Muulize muuzaji swali hili hasa: "Nikifuta mteja, anaondoka, au anafichwa tu nisimuone?" Mifumo mingi huficha. Uliza pia nakala za akiba zinafutwa baada ya siku ngapi.

Mpaka wa nchi. Seva iko wapi? Jibu la "iko kwenye wingu" halijajibu kitu. Unataka jina la nchi, kwa maandishi.

Kutunza na kuharibu. Yote haya yaingie kwenye mkataba wa maandishi: kampuni itatumia taarifa kwa maelekezo yako tu, haitazitumia kutangaza biashara zake, itakuarifu mara taarifa zikivuja, na mkataba ukiisha itakurudishia kila kitu kwenye faili la jedwali linalofunguka popote, kisha ifute nakala zake na kukuthibitishia. Kifungu cha kurudishiwa ndicho kinachokosekana mara nyingi. Ada ikichelewa mwezi mmoja mfumo unafungwa, na zahanati inabaki na wagonjwa dirishani bila mafaili yao. Omba pia cheti cha usajili wa kampuni kwa Tume, kwa kuwa mchakataji naye anatakiwa kusajiliwa.

Anayefaa. Zahanati yenye wagonjwa kila siku, hoteli ya vyumba vingi, taasisi yenye matawi. Kikundi cha watu 25 kinacholipa mfumo mkubwa kimenunua meli ya kuvukia mto.

Ukiangalia hali yako

Una nyumba ya wageni ya vyumba 8 hadi 12 pembeni ya Dunda au Magomeni: fomu ya nusu karatasi, boksi lenye kufuli, kadi ya maelezo juu ya meza. WhatsApp itumike kwa miadi tu, na picha ya kitambulisho isiombwe humo. Mgeni ataonyesha kitambulisho akifika.

Una hoteli inayopokea wageni kupitia tovuti za nje: mfumo utakusaidia, lakini soma kwanza tovuti hizo zinakuletea taarifa gani. Mara nyingi utakuta unamuuliza mgeni tena mambo ambayo tayari unayo.

Una zahanati: chagua kati ya mafaili ya karatasi yaliyofungwa vizuri na mfumo wenye ngazi za ruhusa. Ukiwa na mtu mmoja tu anayejua kompyuta, karatasi zitakuwa salama zaidi kwa sasa. Majibu ya vipimo yatolewe mkononi, na mgonjwa anayesisitiza atumiwe kwa simu aandike ombi lake na kulisaini.

Mnaendesha kikundi cha kuweka na kukopa: kitabu cha marejesho kibaki kwa mweka hazina, kila mwanachama awe na kijitabu chake, na ridhaa isainiwe siku ya kujiunga. Kundi la WhatsApp litangaze tarehe na mahali pa kikao, na majumla ya kikundi, si deni la mtu.

Unaandaa warsha, mashindano au ziara: fomu ya mtandaoni, yenye mlango wa pili wa karatasi kwa wasio na simu janja. Ukishamaliza tukio, futa ndani ya siku 30.

Katika hali zote hizo, simu ikiibiwa, daftari likipotea au jedwali likibainika lilikuwa wazi, andika siku hiyohiyo kilichopotea ni nini, cha watu wangapi, na lini kiligundulika, kisha uiarifu Tume bila kuchelewa. Ukisubiri uhakikishe kwanza kama kuna aliyeumia, umeshachelewa.

Una shule ya awali: taarifa zako karibu zote ni nyeti, kwa kuwa ni za watoto, na mwenye kutoa ridhaa ni mzazi au mlezi. Fomu ya karatasi inatosha. Iwe na kisanduku kimoja cha kumsajili mtoto, na kingine kabisa cha picha zake kwenda kwenye kundi la wazazi au stetasi ya mwalimu, na mzazi anayeacha hicho cha pili wazi, mtoto wake asionekane hata kwenye picha ya pamoja.